Kompyuta Nayo Inauliza: Chini Kuna Nini?

Ndugu msikilizaji, jina la mji wetu huu wa Dodoma lina kisa chake, na wazee wa Kigogo wanacho kwa namna mbili. Wapo wasemao kwamba tembo alikuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akanasa topeni, akadidimia, na waliomwona wakasema "idodomya", yaani amezama. Wapo wengine, na kisa chao mimi nakipenda zaidi kwa utundu wake, wasemao kwamba Wagogo walichukua ng'ombe wa jirani zao Wahehe, wakawachinja, wakala wote, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipokuja kuulizia wakapelekwa kwenye kinamasi wakaonyeshwa mikia imechomoza juu ya tope. Tazameni wenyewe, wakaambiwa, ng'ombe wenu wamezama. Katika masimulizi yote niliyoyasikia, sijasikia hata siku moja kwamba kuna Mhehe aliyechukua jembe akachimba kuangalia kama chini ya mkia kuna ng'ombe.

Kisa hicho kimenijia kichwani juma hili nikizunguka Nkuhungu, sehemu za bondeni, ambako mvua ikinyesha maji husimama kama yamealikwa. Utaona nyumba nzuri ya tofali za saruji, bati la rangi, madirisha ya alumini, na katika pembe ya dirisha ufa umeanza, unashuka kwa ngazi kufuata viungo vya tofali mpaka chini ya mkanda. Fundi mmoja aliyekuwa anaziba ufa wa namna hiyo aliniambia kwamba ukuta ule ule aliuziba mwaka jana, na mwaka juzi pia. Mlango wa nyumba hiyo mwezi Machi hugoma kufunga, Oktoba unafunga wenyewe. Mwenye nyumba analaumu saruji. Fundi analaumu tofali. Jirani, kama kawaida yetu, analaumu watu.

Hebu tuitazame ardhi yenyewe. Katika uwanda huu wa kati, miinuko huwa na udongo mwekundu au wa kichanga uliotokana na miamba ya matale, lakini mabondeni ndiko ulikokusanyika ule udongo mweusi wa mbuga, mfinyanzi mtupu, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na wakati wa masika hushika kiatu kikabaki nyuma. Chembe zake ni ndogo mno, tena ni bapa, zimepangana kama karatasi katika daftari. Madini yaliyomo huitwa montimorilonaiti. Maji yakiingia kati ya karatasi hizo, karatasi huachana na udongo ukavimba. Maji yakitoka hurudiana na udongo ukasinyaa.

Sasa mahali pazuri pa kuutesa udongo wa namna hii ni Dodoma. Mvua yetu ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba inayobaki ni jua na upepo. Kwa hiyo kila mwaka ardhi huvuta pumzi mara moja na kuitoa mara moja. Chini ya katikati ya nyumba, ambako sakafu imefunika, unyevu haubadiliki sana. Pembeni ndiko kunakolowa na kukauka. Ndiyo maana pembe za nyumba hupanda na kushuka wakati katikati imetulia, na ukuta, ambao haukuumbwa kupinda, hupasuka.

Watu wengi hudhani kwamba nyumba ndogo haina haja ya wasiwasi kwa sababu ni nyepesi. Kwa udongo huu ni kinyume. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukandamiza ardhi iliyo chini ya msingi wake kwa uzito wa tani 4 mpaka 7 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Mfinyanzi unaovimba unaweza kusukuma juu kwa nguvu ya tani 10 kwa eneo hilo hilo, na ule mkali hufika tani 20 au 30 na kupita. Nyumba inanyanyuliwa, msikilizaji, kama kifuniko cha sufuria ya ugali. Wazee wetu walikuwa na tembe, fremu ya miti iliyokandikwa udongo, paa la udongo, fupi. Ardhi ilipotikisika miti ilipinda kidogo, mama akachota udongo akakandika upya, basi. Sisi tumeleta tofali na saruji, vitu vigumu visivyosamehe, tukaviweka juu ya ardhi ile ile.

Dawa zipo, na wahandisi huziita kwa jumla kuimarisha udongo. Iliyo rahisi ni kuuondoa: unachimba mita moja au moja na nusu ya udongo mbaya, unarudisha kifusi cha changarawe kisichovimba, kwa tabaka nyembamba, kila tabaka linashindiliwa. Nyingine ni kuchanganya udongo na chokaa, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 ya uzito wake. Chokaa hukamata zile karatasi zisiachane tena, na barabara nyingi duniani zimepita juu ya mfinyanzi kwa njia hiyo. Kule India, ambako udongo mweusi umejaa, taasisi ya utafiti wa majengo ya Roorkee ilieneza tangu miaka ya 1950 nguzo fupi za zege zinazozamishwa ardhini kiasi cha mita 3 na nusu, zenye kitako kilichotanuka chini kama mguu wa tembo. Kitako kinakaa kule ambako unyevu haubadiliki, na udongo wa juu unapovimba unashindwa kuing'oa nguzo. Lakini nondo lazima zifike mpaka chini, kwa sababu udongo ukivimba hushika kiuno cha nguzo na kuivuta juu, na zege bila nondo likivutwa hukatika kama muhogo mkavu.

Swali ni kwamba dawa ipi, kina gani, na kwa gharama gani? Kukisia kidogo ni kupasua nyumba, kukisia sana ni kuzika fedha. Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na ndiyo sababu hasa ya mazungumzo yetu ya leo.

Siku hizi mhandisi anaweza kuijenga ardhi ndani ya kompyuta kabla hajaigusa kwa sururu. Mbinu yenyewe si ya jana. Profesa Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley ndiye aliyeipa jina lake mwaka 1960, na sisi tunaweza kuiita mbinu ya vipande. Fikiria chandarua. Ukivuta tundu moja, matundu ya jirani nayo yanavutika, ya mbali yanavutika kidogo, ya mbali zaidi hayana habari. Kompyuta huigawa ardhi katika vipande vingi, mamia au maelfu, vilivyounganishwa kama matundu ya chandarua. Kila kipande hupewa tabia yake: uzito, ugumu, nguvu ya kustahimili, na jinsi kinavyopitisha maji. Kisha mhandisi anaamuru: nyesha mvua miezi minne, weka nyumba hapa, weka chokaa pale mita moja. Mashine inapiga hesabu ya kila kipande dhidi ya jirani yake, hesabu ambazo karani mwenye kalamu angezifanya mpaka wajukuu zake wakastaafu, na mwishoni inaonyesha pembe ya nyumba imepanda milimita ngapi.

Ni jambo la ajabu, nami sina kinyongo nalo. Lakini angalieni neno moja nililolipita haraka: kila kipande hupewa tabia yake. Hupewa na nani? Kompyuta haijui Nkuhungu. Haijawahi kukanyaga tope la pale. Ukiiambia kwamba chini kuna mchanga mgumu, itakujengea ghorofa kumi juu ya mchanga huo mgumu, na itakuchorea kwa rangi nzuri nyekundu na bluu, ukatoa machozi kwa uzuri. Kama chini ni mfinyanzi, picha ile ni mikia ya ng'ombe topeni.

Nitawapa mifano miwili ya ng'ambo, kwa sababu imeandikwa vizuri na kila mtu anaweza kujifunza.

Wa kwanza ni ule mnara maarufu wa Pisa, Italia, ulioanza kujengwa mwaka 1173 na kuanza kuinama ukiwa bado unajengwa, kwa kuwa chini yake kuna mfinyanzi laini. Unakaribia tani 14,500. Mwaka 1989 mnara mwingine katika mji wa Pavia uliporomoka na kuua watu wanne, na mwanzoni mwa mwaka 1990 Waitaliano wakaufunga ule wa Pisa. Kamati ya wataalamu ikaundwa. Miongoni mwao alikuwa Profesa John Burland wa Imperial College, London, na mwenzake David Potts ndiye aliyeendesha hesabu za kompyuta. Wazo lilikuwa la kutisha: kuondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, ili mnara ujirudi wenyewe. Nani angethubutu kuchimba chini ya mnara unaoanguka?

Sasa tazameni walivyofanya. Kabla ya kuiuliza kompyuta habari za kesho, waliiuliza habari za jana. Waliujenga mnara ndani ya mashine kwa hatua, ghorofa baada ya ghorofa, kama ulivyojengwa karne zile, wakaangalia kama mnara wa kompyuta utainama jinsi ule wa kweli ulivyoinama. Ulipoinama vivyo hivyo ndipo wakaanza kuuamini. Kisha wakafuta vipande vya udongo upande wa kaskazini, kimoja kimoja. Kompyuta ikawaonyesha kwamba kuna mstari chini ya mnara: ukitoa udongo kabla ya kuufikia mstari huo, mnara unanyooka, ukiuvuka, unazidi kuinama. Hawakuishia hapo pia. Walifanya majaribio ya vitendo mahali pengine, wakatoboa kwa uangalifu, wakipima kila siku. Kati ya mwaka 1999 na 2001 walitoa udongo wa mita za ujazo 38 hivi, mzigo wa malori machache tu, na mnara ukarudi nyuma kiasi cha nusu digrii. Mwezi Desemba 2001 ukafunguliwa tena.

Mfano wa pili ni uwanja wa ndege wa Kansai, Japani, uliofunguliwa mwaka 1994 juu ya kisiwa cha kutengenezwa baharini. Sakafu ya bahari pale ni mfinyanzi laini uliojaa maji. Mzee Karl Terzaghi, aliyeweka misingi ya elimu hii kwa kitabu chake cha mwaka 1925, ndiye aliyetufundisha kwamba muda wa mfinyanzi kukamuka hufuata mraba wa umbali ambao maji yanasafiri kutoka. Ukipunguza safari ya maji iwe nusu, muda unakuwa robo. Kwa hiyo Wajapani walichoma nguzo za mchanga nyingi mno katika tabaka la juu ili maji yapate njia fupi, na tabaka hilo likakamuka haraka kama ilivyohesabiwa. Lakini chini yake kulikuwa na mfinyanzi mwingine wa kale, wa kina kirefu, ambao nguzo hizo hazikuufikia, nao ukazidi kubonyea kupita makadirio. Bahati yao, wao ni watu wa tahadhari: nguzo za jengo la abiria ziliwekewa jeki, na jengo hunyanyuliwa kadiri ardhi inavyoshuka. Kompyuta walikuwa nazo, na nzuri. Walichokosa ni habari za kutosha za kule chini.

Nimetaja kuondoa udongo. Lipo na jambo la kuondoa nguzo za zamani, nalo linatuhusu kuliko tunavyodhani. Katika miji mikubwa ya Japani, jengo kuukuu likibomolewa, chini hubaki msitu wa nguzo za zege, na jengo jipya haliwezi kupanda bila kugongana nazo. Hivyo huzing'oa. Bomba kubwa la chuma lenye meno huzungushwa kuizunguka nguzo mpaka chini, ili kuiachanisha na udongo, kisha nguzo huvutwa juu kwa kamba za chuma na shimo kujazwa uji wa saruji na udongo.

Kwa macho kazi imekwisha. Kwa ardhi ndiyo kwanza imeanza. Nguzo ikivutwa, udongo wa pembeni husogea kuja kujaza nafasi, na nyumba ya jirani inaweza kusikia. Ule uji ukikaa vibaya, vitu vizito hushuka na vyepesi hubaki juu, shimo likawa gumu chini na bovu juu. Nguzo mpya ikipita kando ya shimo hilo, upande mmoja umeegemea ardhi na upande wa pili umeegemea uji. Mhandisi mwenye kompyuta hufuta vipande vya nguzo ndani ya mashine, huweka shimo, huweka ujazo, kisha anatazama ardhi inaelekea wapi. Mara nyingine jibu linakuwa: iacheni nguzo ilipo, sogezeni jengo. Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko kreni tatu.

Utaniuliza, Nkuhungu kuna nguzo gani za kung'oa? Ni kweli, chache. Lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na hata baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ya tangu 1973, kuvunjwa mwaka 2017, viwanja vinauzwa na kuuzwa tena. Banda la zamani linabomolewa, nyumba kubwa inapanda. Na katika kila kiwanja cha zamani kuna shimo la choo, au kisima kilichoachwa, au shimo la kuchimbia udongo wa tofali, lililojazwa matofali mabovu, majivu na mifuko ya plastiki, likafukiwa juu kwa udongo mzuri ili mnunuzi asione. Hilo ni tundu la nguzo iliyong'olewa, tena kubwa zaidi na limejazwa vibaya zaidi. Juu ya mfinyanzi wa mbuga ubaya wake ni mara mbili. Kwanza hubonyea. Pili hugeuka kisima cha kumeza maji ya mvua na kuyapeleka mita tatu au nne chini, kwenye mfinyanzi ambao miaka yote ulikuwa umelala mkavu. Ukiuamsha, utaamka na nyumba yako.

Hapa hapa nchini tumekwisha onywa. Dk. Charles Lucian alichunguza nyumba zilizopasuka kule Kibaha, mkoa wa Pwani, zilizojengwa juu ya udongo unaovimba, na tasnifu yake ya udaktari ilitoka mwaka 2008 katika Chuo cha Kifalme cha Teknolojia, Stockholm. Kazi ya namna ile inapasa kuendelea katika kila mji wetu. Dodoma tuna bahati ya pekee: Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ina makao makuu yake humu humu mjini, na Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu mwaka 2007. Tangu Serikali ihamie, ardhi ya mji huu imetobolewa kwa ajili ya wizara, barabara, reli na maghorofa. Kila tundu lililotobolewa ni ukurasa wa kitabu. Maoni yangu ni kwamba Jiji liweke sharti: anayetoboa ardhi kwa kazi yoyote yenye kibali aache nakala ya majibu ya udongo katika ofisi moja, ramani ichorwe, na mwananchi wa Nkuhungu anayetaka kununua kiwanja aweze kwenda dirishani kuuliza chini kuna nini. Na nyumba zilizokwisha pasuka nazo zihesabiwe, kwa kuwa hizo ndizo Pisa yetu. Kompyuta isiyoweza kueleza nyufa za mwaka jana haifai kuulizwa za mwaka kesho.

Najua wengi wenu hamtajenga kwa kompyuta. Basi kuna kipimo ambacho hata maabara hukitumia kama hatua ya kwanza, nacho ni cha bei ya bure. Chimba mashimo mawili au matatu pembe za kiwanja, mita 2 kwenda chini, si kuchota udongo wa juu. Ukaushe, uuponde, uucheketue kwa chekeche laini. Pima sentimita za ujazo 10 za unga huo, uumimine polepole katika chombo chenye alama kilichojaa maji sentimita 100, uuache saa 24. Ukikuta umefika 15, yaani umeongezeka nusu, anza kuwa na shaka. Ukifika 20 au kupita, usimwite fundi wa tofali kwanza. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa, mpeleke kiwanjani, upeleke na sampuli maabara kwa vipimo kamili.

Na ukikuta shimo la zamani, ondoa uchafu wote mpaka ufikie ardhi ya asili. Rudisha udongo wa aina ile ile inayolizunguka, ukiwa na unyevu kidogo wa kushikamana mkononi, si kavu wala si tope, kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata. Usilijaze mchanga wala kokoto, kwa sababu vitu hivyo hupitisha maji na utakuwa umelirudisha lile birika. Kisha chora mahali lilipo kwenye ramani ya nyumba, ili pembe ya msingi isiangukie hapo, na maji ya paa yapelekwe upande mwingine.